Kwa nini wake wa makaisari wa Urusi walitoka Darmstadt?

Msomaji mmoja, mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, ameniandikia hivi: "Nilipokuwa nasoma habari za mapinduzi ya Urusi niliona kwamba Alexandra, mke wa Kaisari Nicholas II, alizaliwa Darmstadt, Ujerumani. Nikafuatilia nyuma, nikakuta mke wa Alexander II ni wa Darmstadt, na mke wa kwanza wa Paul I naye ni wa huko huko. Mahali padogo namna hiyo palipataje bahati hiyo? Na wale mabinti walikuwa na kauli yoyote, au walitolewa tu kama bidhaa?"

Mwalimu, nianze na hilo la udogo, maana umelitaja kama kikwazo, na mimi naliona kuwa ndilo lililowafungulia mlango.

Ujerumani haikuwa nchi moja mpaka mwaka 1871. Kabla ya hapo palikuwa na watawala wengi mno, wakubwa kwa wadogo, chini ya paa la Dola Takatifu la Kiroma mpaka lilipovunjika mwaka 1806. Hesse yenyewe iligawanywa mwaka 1567 alipokufa mtemi wake Philipp, na wanawe wanne wakachukua kila mmoja fungu lake. Georg, aliyekuwa mdogo, akapata Darmstadt. Huo ndio mwanzo wa utemi wa Hesse-Darmstadt, uliopandishwa cheo kuwa utemi mkuu mwaka 1806 na kufutwa pamoja na tawala nyingine zote za Kijerumani mwaka 1918.

Sasa jiweke mahali pa Kaisari wa Urusi anayemtafutia mwanawe mke. Binti wa bwana mkubwa wa Kirusi hafai, kwa sababu siku ya pili yake baba na kaka zake watapanda juu ya mabwana wenzao na fitina haitakwisha. Binti wa Austria au Ufaransa anakuja na balozi wa baba yake sebuleni, na siasa za dola kubwa zinaingia chumbani mwa mrithi. Isitoshe ni Mkatoliki, na mke wa mrithi wa Urusi sharti awe Mworthodoksi. Familia kubwa za Kikatoliki hazikuwa tayari binti yao abadili madhehebu. Anayebaki ni binti wa mtemi mdogo wa Kilutheri. Kwa nasaba ni kufu kamili, kwa sababu babaye anatawala. Jeshi la kutisha hana. Dini yake inaweza kujadiliwa. Ndiyo maana Catherine II mwenyewe, aliyekuja kuitawala Urusi, alikuwa binti wa Anhalt-Zerbst, utemi mdogo kupita hata Darmstadt, na alipelekwa Urusi mwaka 1744 akifuatana na mama yake.

Lakini watemi wadogo wa Kilutheri walikuwa wengi. Kilichoitofautisha Darmstadt na wenzake ni mwanamke mmoja, na kama utawafundisha wanafunzi wako jina moja tu katika habari hii, naomba liwe la kwake: Karoline.

Karoline alizaliwa Strasbourg mwaka 1721 katika ukoo wa Pfalz-Zweibrücken, akaolewa mwaka 1741 na Ludwig, mrithi wa Darmstadt. Mume huyo moyo wake ulikuwa kwa askari. Alijijengea kambi Pirmasens, akashinda huko akiwafundisha gwaride, na hata alipourithi utemi mwaka 1768 hakuhamia mji mkuu wake. Karoline aliishi kwanza Buchsweiler, Alsace, kisha Darmstadt, akalea watoto wanane, wasichana watano na wavulana watatu, na mambo ya familia aliyaendesha yeye. Aliandikiana barua na Friedrich II, mfalme wa Prussia, na mwandishi Voltaire, na Grimm ambaye jarida lake la habari za Paris lilisomwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya nzima. Mwaka 1772 alimleta Friedrich Karl von Moser kuwa waziri ili ainusuru hazina iliyozama katika madeni. Mshairi Goethe alimwita Mtemi Mkuu wa kike, na jina hilo limemganda katika vitabu vya historia.

Tazama alivyowaoza binti zake, maana hapo ndipo utaona akili ikifanya kazi. Wa kwanza, Karoline kama mamaye, aliolewa mwaka 1768 na mtawala wa Hesse-Homburg, tawi la ukoo uleule lililokuwa na ugomvi wa muda mrefu na Darmstadt juu ya mamlaka. Ndoa hiyo ikaumaliza. Wa pili, Friederike Luise, aliolewa mwaka 1769 na mrithi wa kiti cha Prussia, ambaye mwaka huohuo alikuwa ameachana na mke wake wa kwanza. Hapo Friedrich II wa Prussia akawa na sababu yake ya kumsaidia Karoline. Kama dada wa Friederike Luise angeolewa na mrithi wa Urusi, basi wafalme wa kesho wa Prussia na Urusi wangekuwa wameoa nyumba moja. Prussia na Urusi ndiyo kwanza zilikuwa zimeigawana Poland pamoja na Austria mwaka 1772. Friedrich aliutaka sana udugu huo, naye akawa mshenga.

Mwaka 1773 Catherine alimwalika Karoline aende St. Petersburg na binti zake watatu waliokuwa bado nyumbani: Amalie, Wilhelmine na Luise. Gharama zikawa juu ya mwenyeji, na meli za Kirusi zikawapokea Lübeck. Ninaposoma habari za safari hiyo huwa nashindwa kuwa upande mmoja. Ukimtazama Karoline unamstaajabia: mwanamke anayevuka Bahari ya Baltiki kwenda kujadiliana na mtawala mwenye nguvu kuliko wote mashariki ya Ulaya, bila mume wala jeshi nyuma yake. Ukiwatazama wale wasichana watatu moyo unauma, kwa sababu walipelekwa pamoja ili kijana Paul, mwana wa Catherine, achague. Alimchagua Wilhelmine, aliyekuwa na miaka 18. Akapokewa katika Uorthodoksi kwa jina la Natalia Alexeievna, na kabla mwaka haujaisha akawa mke wa mrithi wa Urusi.

Karoline alirudi nyumbani, akafariki Machi 1774. Friedrich II aliweka chombo cha marumaru juu ya kaburi lake na maneno ya Kilatini yasemayo kwamba kwa jinsia alikuwa mwanamke, kwa akili mwanamume. Kwa nyakati zile hiyo ilikuwa heshima ya juu kabisa mfalme kama yeye aliyoweza kuitoa kwa mwanamke. Amalie akaolewa Baden mwaka huohuo, na Luise akaolewa Weimar mwaka 1775 na Karl August, yule mtawala rafiki wa Goethe. Huyo Luise ndiye aliyebaki ndani ya jumba la Weimar mwaka 1806, baada ya vita vya Jena, wengine walipokimbia, akakabiliana uso kwa uso na Napoleon.

Wilhelmine hakuishi kuyaona hayo. Aprili 1776 alifariki akijifungua baada ya uchungu wa siku kadhaa, na mtoto hakupona. Alikuwa na miaka 20. Kilichofuata kinaonyesha ugumu wa biashara hii kuliko maelezo yangu yoyote: mwaka huohuo Paul alioa tena, na bibi harusi alikuwa Sophie Dorothee wa Württemberg, aliyekuwa amekwisha kuchumbiwa na Ludwig wa Darmstadt, kaka wa marehemu Wilhelmine. Uchumba ukavunjwa kwa kuingilia kati kwa Friedrich II, Ludwig akatulizwa kwa fedha kutoka Urusi, na mwaka uliofuata akamwoa binamu yake.

Nije kwenye swali lako la bidhaa. Ili kulijibu ni lazima uuone mkataba wa ndoa, kwa sababu ndoa za watawala zilianza na karatasi kabla ya kanisa. Mali ya msingi ilitoka upande wa binti kwenda upande wa mume, kinyume na desturi ya mahari kwetu. Katika sehemu nyingi za Ujerumani raia walitozwa kodi maalumu kwa ajili hiyo, na mabaraza ya mabwana na miji yalipaswa kuikubali. Mkulima aliyelipa kodi hiyo alijua vizuri kwamba binti wa mtemi anaolewa. Upande wa mume nao uliahidi kiasi cha kulinganisha, pamoja na zawadi ya asubuhi ya baada ya harusi iliyokuwa mali ya mke mwenyewe. Halafu, na kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu kilichobeba uzito wote, palikuwa na fungu la ujane: ngome au jumba lililotajwa kwa jina, na mapato yake, ambayo mke angeyapata mume akitangulia. Mwisho binti alitia saini hati ya kujivua urithi wa kwao, ili ardhi ibaki kwa wanaume wa ukoo.

Basi binti alitoka kwao bila haki ya ardhi ya baba yake, lakini alikuwa na hati. Mume akimtesa, wazazi na kaka zake walikuwa na karatasi ya kudai. Akifiwa, alikuwa na paa na kipato ambacho mtoto wake wa kambo hakuweza kumnyang'anya kwa neno la mdomo. Wajane wengi wa Kijerumani walikuwa na nguvu kuliko walivyokuwa wakati wa ndoa, na mara nyingi wajane hao ndio waliokaa kupanga ndoa za wajukuu. Darmstadt palikuwa na mmoja wa namna hiyo, mjane wa Mwanamfalme Georg Wilhelm, ambaye watu walimwita kwa jina la marehemu mumewe: Bibi George. Binti yake aliolewa Mecklenburg-Strelitz, akafa mapema, na Bibi George akawalea wajukuu wa kike Darmstadt. Mwaka 1793 aliwapeleka Frankfurt, ambako mfalme wa Prussia alikuwa na wanawe wakati wa vita na Ufaransa. Kabla ya mwaka kwisha mmoja wao, Luise, alikuwa mke wa mrithi wa Prussia, na dada yake ameolewa na mdogo wa mrithi. Huyo Luise ndiye malkia ambaye Wajerumani walimtukuza kuliko wote katika karne ya 19.

Kauli ya mwanamke, basi, uitafute ndani ya mkataba na kwa mama na bibi. Kwa bibi harusi mwenyewe utaipata mara chache. Na kauli hiyo ina mizizi mirefu huko Hesse. Yule Philipp niliyemtaja mwanzo, mtemi aliyekuwa nguzo ya matengenezo ya Kilutheri, alimwoa Christine wa Saxony alipokuwa kijana. Baadaye akampenda Margarethe von der Saale, binti wa bwana mdogo wa Saxony. Mamaye Margarethe, Anna von Miltitz, aliyekuwa mkuu wa wahudumu wa kike katika nyumba ya dada yake Philipp, alikataa katakata binti yake awe hawara: akasema pawe na ndoa kamili. Luther na mwenzake Melanchthon, baada ya kusitasita sana, wakatoa ushauri kwamba Philipp anaweza kuoa wa pili, mradi ibaki siri. Harusi ikafungwa Machi 1540 huko Rotenburg, kando ya mto Fulda. Siri haikukaa, na kwa sheria ya dola kuoa wake wawili lilikuwa kosa la kumpeleka mtu kwenye kifo.

Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya Luther. Mimi nakusihi umtazame Christine. Alitoa kibali chake kwa maandishi, na katika maandishi hayo akafunga jambo moja: wanawe peke yao ndio watakaorithi utemi. Na ndivyo ilivyokuwa. Wana wa Margarethe walipewa cheo cha makabaila wa Diez, na Hesse ikagawanywa kwa wana wanne wa Christine. Darmstadt ipo katika historia kwa sababu mke aliyedhulumiwa alijua cha kudai katika siku ambayo mumewe alimhitaji. Karne mbili na nusu baadaye, Friederike Luise, kizazi cha Christine, naye alijikuta Berlin ameolewa na mfalme aliyefunga ndoa nyingine mbili za mkono wa kushoto, yaani na wanawake wasio kufu yake, yeye akiwa hai kwenye kiti cha umalkia.

Hawa wote ni wa nyumba zinazotawala. Mabinti wa mabwana wa kawaida, wenye mashamba na ngome lakini bila utawala, walikuwa na maisha mengine, na watu huwasahau. Kwa miaka mingi waliokosa kuolewa waliingia utawani. Matengenezo yalipofunga nyumba za watawa, Philipp alizitoa mbili kati ya hizo, Kaufungen na Wetter, kwa jumuiya ya mabwana wa Hesse mwaka 1532, ili mapato ya ardhi yake yawasaidie mabinti zao wanapoolewa. Mfuko wa Kaufungen upo mpaka leo. Njia nyingine ya mabinti hao ilikuwa kuhudumu katika nyumba ya mtawala, na huko ndiko walikokutana na wanaume wasio kufu yao.

Kanuni ya kufu ilikuwa kali. Mtawala akimwoa asiye wa nyumba inayotawala, ndoa ilikuwa halali kanisani, ila mke hakupata cheo cha mume na watoto hawakurithi kiti. Darmstadt iliijaribu kanuni hiyo kwa namna ambayo Ulaya bado inaishi na matokeo yake. Amalie wa Baden, yule binti wa Karoline, aliwaoza binti zake kwa ustadi wa mamaye hata akaitwa mama mkwe wa Ulaya: mmoja Urusi kwa Alexander I, mmoja Sweden, mmoja Bavaria, mmoja Brunswick, na mwingine, Wilhelmine, akarudishwa Darmstadt mwaka 1804 kuolewa na mrithi, binamu yake. Ndoa hiyo ilipoa. Watoto wawili wa mwisho, Alexander na Marie, walizaliwa baada ya miaka mingi ya mume na mke kuishi mbalimbali, na watu wakasema baba yao ni August von Senarclens de Grancy, mtumishi wa ngazi ya juu nyumbani humo. Mtemi mkuu aliwakiri kuwa wanawe. Kwa kukiri huko Marie akabaki kufu, na mwaka 1841 akaolewa na mrithi wa Urusi, Alexander II wa baadaye, licha ya minong'ono yote. Huyo ndiye wa pili katika orodha yako.

Kaka yake, Alexander, alimfuata Urusi, akampenda mmoja wa wanawake waliomhudumia dada yake, Julia Hauke, binti wa jenerali. Si kufu. Walioana mwaka 1851, na Darmstadt ikampa Julia cheo cha kutungwa, Battenberg, jina la mji mdogo wa Hesse. Watoto wake hawakuwa na haki ya kiti cha Darmstadt. Hata hivyo mmoja alichaguliwa kutawala Bulgaria mwaka 1879, mwingine akamwoa binti mdogo wa Malkia Victoria wa Uingereza, na mwingine, Louis, akaoa Darmstadt kwenyewe. Binti wa Louis ndiye mama yake Philip, mume wa Malkia Elizabeth II.

Tufike kwa Alexandra wako. Mwaka 1862 Alice, binti wa Victoria, aliolewa na Ludwig wa Darmstadt, baadaye Ludwig IV. Bunge la Uingereza likamwidhinishia pauni 30,000 za kutoka nazo na 6,000 kila mwaka. Ni mwanamke ninayempenda sana katika ukoo huu. Alihudumia majeruhi wakati wa vita vya 1866 na 1870, na mwaka 1867 alianzisha chama cha wanawake cha kufundisha uuguzi, huko ambako hospitali yenye jina lake ingali inatibu wagonjwa. Pamoja naye, bila mtu kujua, ilikuja hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda: mwanawe Friedrich alikufa mwaka 1873 baada ya kuanguka dirishani. Alice mwenyewe alikufa kwa dondakoo Desemba 1878, wiki chache baada ya kumzika binti yake mdogo kwa maradhi hayohayo.

Binti wanne waliobaki walilelewa chini ya jicho la bibi yao Victoria, na hapa ndipo utakapoona mabadiliko. Elisabeth aliolewa mwaka 1884 na Sergei wa Urusi, bibi hakupendezwa, naye akaolewa. Hakulazimishwa kubadili dini, kwa kuwa Sergei hakuwa mrithi. Alibadili kwa hiari mwaka 1891. Irene alimchagua Heinrich wa Prussia bila kumshauri bibi. Na Alix, ambaye baadaye aliitwa Alexandra, alimkataa mjukuu wa Victoria aliyetarajiwa kuwa mfalme wa Uingereza. Kumkataa mfalme mtarajiwa wa Uingereza! Wilhelmine wa 1773 asingeweza hata kuliwaza. Hata ombi la Nicholas, Alix alilikataa kwa muda mrefu kwa sababu moja tu, kuiacha imani yake ya Kilutheri, akakubali Coburg mwezi Aprili 1894, siku moja baada ya harusi ya kaka yake. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamekufa. Aliyemsukuma zaidi ni dada yake Elisabeth, aliyekwisha kuipita njia hiyo.

Kwa hiyo hapana, mwalimu, hawakuwa bidhaa, ingawa wale watatu wa 1773 walikuwa karibu sana na kuwa hivyo. Alix alichagua mwenyewe, na akachagua palepale ambapo mabibi zake wa kale walikwisha kutengeneza njia. Darasani jaribu kuchora hivi ubaoni: Karoline alimzaa Amalie, Amalie akamzaa Wilhelmine. Kutoka kwa Wilhelmine chora mistari miwili. Mmoja unakwenda kwa Marie, kisha Alexander III, kisha Nicholas II. Wa pili unakwenda kwa Karl, kaka yake Marie, kisha Ludwig IV, kisha Alix. Waulize wanafunzi Nicholas na mkewe walikuwa nani kwa nani, na waulize pia ni vitabu vingapi vya shule vinavyomtaja Karoline.